Mifupa ya Tendaguru na Sura za Wanyama wa Kale

Mwezi wa Oktoba mwaka 1999, shirika la utangazaji la Uingereza, BBC, lilipoanza kuonyesha katika televisheni vipindi sita vya Walking with Dinosaurs, wanyama waliotoweka tangu dahari walionekana wakila, wakizaa na kupigana mithili ya wanyama wa Serengeti waliopigwa picha jana. Na tangu siku zile watazamaji hawakuacha kuvipima na kuvipanga vipindi hivyo, kipi bora na kipi hafifu.

Katika kupima huko sifa aghalabu humwendea mtayarishaji Tim Haines na mafundi wa kompyuta, nao wamestahili. Walakini insafu yataka tutazame asili ya sura zile. Katika kipindi cha pili, ambacho kisa chake kimewekwa Colorado, Marekani, hupita Brachiosaurus, mnyama mrefu kupita kiasi, na umbo lake, kwa namna lilivyofahamika kwa wataalamu wa zama zile, lilitokana kwa sehemu kubwa na mifupa ya kilima cha Tendaguru, katika bara ya Lindi.

Mifupa hiyo ilionwa mwaka 1906 na mhandisi Mjerumani, Bernhard Wilhelm Sattler, wakati nchi ile ingali imo katika msiba wa Vita vya Maji Maji. Kuanzia 1909 hata 1913 makumbusho ya Berlin yalituma wataalamu, wa kwanza wao Werner Janensch na Edwin Hennig, lakini waliochimba ni mamia ya wenyeji, na msimamizi wao mashuhuri Boheti bin Amrani. Na wapagazi ndio waliochukua mizigo, vichwani na mabegani, mwendo wa siku kama nne mpaka bandari ya Lindi, hata ikatimia zaidi ya tani 200. Mwaka 1914 Janensch akampa mnyama yule jina la Brachiosaurus brancai, ambaye leo wataalamu wengi humwita Giraffatitan, na mwaka 1937 akasimamishwa Berlin, ambako leo kimo chake hupita mita 13.

Basi, ewe msomaji, utakapokaa kutoa hukumu juu ya vipindi vya namna hii, uulize pia iwapo vimewataja waliochimba na waliobeba. Maana ustadi wa picha, hata ukiwa mkubwa namna gani, haujatimiza haki yake maadamu umewasahau watu wa Tendaguru.