Mlango Usio na Kufuli: Msimbo wa Ndani wa Java, 1996–2021

Insha hii inajadili jinsi watayarishaji programu walivyozoea kutegemea msimbo wa ndani wa Java, na kwa nini mazoea hayo yaliwagharimu.

Onyo lilikuwapo zamani. Mwaka 1972 David Parnas aliandika kwamba kila moduli ifiche maamuzi yake ya ndani, ili yabadilishwe bila kuvuruga moduli nyingine.

Kampuni ya Sun Microsystems ilipotoa Java mwaka 1996, ilitenganisha mambo mawili. Vifurushi vyenye jina linaloanza na "java" vilikuwa vya umma. Vile vya "sun" vilikuwa vya ndani, na kampuni ilitahadharisha visitegemewe. Hata hivyo, tahadhari ilibaki maneno matupu, kwani mlango haukuwa na kufuli.

Watu waliingia kwa haja. Wengi waliohitaji kusimba data kwa Base64 walichukua sun.misc.BASE64Encoder, kwa kuwa darasa la umma la kazi hiyo, java.util.Base64, lilikuja mwaka 2014 katika Java 8. Waliotaka kasi walitumia sun.misc.Unsafe, inayogusa kumbukumbu ya kompyuta moja kwa moja. Maktaba mashuhuri kama Netty ziliitumia, na waliotumia maktaba hizo wakawa wanaitegemea Unsafe pengine bila kujua.

Septemba 2017, Java 9 iliondoa BASE64Encoder. Programu zilizoitumia zilikwama zilipohamishiwa toleo hilo. Unsafe ilibakizwa, kwa sababu kuifunga ghafla kungeumiza wengi mno. Sehemu nyingine nyingi za ndani zilifungwa polepole: Java 16 ilizifunga kwa kawaida, na Java 17 ya Septemba 2021 ikaondoa swichi iliyoruhusu kuzifungua zote kwa pamoja.

Je, lawama ni ya nani? Kabla ya 2014, naona wenye Java walichangia, maana walikawia kutoa njia halali ya jambo la kila siku. Baada ya hapo, aliyebaki na BASE64Encoder alikuwa na miaka mitatu ya kuhama, hivyo hana udhuru.

Kwa kuhitimisha, wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Kinachoweza kutegemewa katika programu ya mwingine ni kile alichoahidi kukitunza. Kikikosekana, tumwombe akiweke hadharani, au tukiandike wenyewe.