Mlo wa mchangia damu kabla na baada ya kutoa

Anayekusudia kuchangia damu hashauriwi kufika kituoni akiwa na njaa, kwani anaweza kupata kizunguzungu au kuzimia. Inampasa ale mlo usio na mafuta mengi, kama viazi vitamu au ndizi, na anywe maji ya kutosha.

Mfuko mmoja huchukua takriban mililita 450 za damu. Majimaji yake hurudi mwilini katika siku 2 hivi, lakini madini ya chuma huchukua wiki kadhaa au zaidi. Hivyo, baada ya kutoa damu, inafaa kula maini, dagaa, maharage na mchicha, pamoja na machungwa au mapera, ambayo vitamini C yake husaidia mwili kufyonza chuma. Chai isinywewe pamoja na mlo, kwani huzuia ufyonzaji huo.

Asiyerudisha chuma huweza kukataliwa atakapopimwa wingi wa damu safari nyingine.