Karanga za Kongwa

Vita Kuu ya Pili vilipokwisha mwaka 1945, Waingereza walitarajia kula vizuri tena. Badala yake, mwaka 1946 mgawo wao wa mafuta ulipunguzwa. Mashamba ya michikichi ya Asia ya Kusini-Mashariki yalikuwa yamevurugwa na vita, na India, muuzaji mkubwa wa karanga, sasa ilizihitaji yenyewe. Dunia nzima ilikuwa ikigombania mafuta.

Uhaba huo uliibana hasa Unilever, kampuni ya Waingereza na Waholanzi iliyotengeneza majarini na sabuni. Frank Samuel, mkurugenzi wa kampuni yake tanzu ya United Africa Company, aliona njia ya kutokea: kulima karanga kwa mashine katika mapori ya Tanganyika. Lakini hesabu ilikuwa kubwa mno kwa kampuni kuibeba peke yake. Machi 1946 alilipeleka wazo hilo kwa serikali mjini London.

Serikali ilimtuma John Wakefield, aliyekuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, pamoja na meneja wa mashamba wa kampuni hiyo na ofisa mmoja wa serikali. Kwa wiki 9 walizunguka, sehemu kubwa ya safari wakiwa angani kwenye ndege. Ripoti yao ilipendekeza ekari zaidi ya milioni 3 zifyekwe kwa miaka 6, nyingi zikiwa Tanganyika. Shamba la majaribio halikuanzishwa kwanza. Njaa ya mafuta haisubiri, walisema wakubwa, na United Africa Company ikakabidhiwa usimamizi kwa fedha za walipa kodi.

Kazi ilianza Kongwa, mkoani Dodoma, mwanzoni mwa 1947. Matrekta mapya hayakupatikana, kwa hiyo zilinunuliwa mashine chakavu zilizoachwa na jeshi la Marekani nchini Ufilipino. Zilishushwa Dar es Salaam, bandari isiyokuwa na gati la kutosha, kisha zikapandishwa bara kwa reli. Nyingi ziliharibika baada ya miezi michache. Vichaka vya Kongwa vilikuwa vimesukana kwa mizizi. Baadaye buldoza mbili zikawa zinakokota mnyororo wa nanga ya meli kati yao ili kuving'oa. Mibuyu nayo ilizisumbua mno.

Hata palipofyekwa, udongo haukukubali. Mchanga wake mkali uliyala majembe ya plau, na mvua ilipokatika udongo wa mfinyanzi ulikauka ukawa kama saruji, karanga zikiwa ndani. Wagogo walikuwa wakiishi katika nchi hiyo kwa ng'ombe, uwele na mtama, wakijua mvua yake haiaminiki. Maarifa hayo hayakuingia katika hesabu za London. Mwaka wa kwanza zilikusudiwa ekari 150,000. Zilizopandwa zilikuwa 7,500 hivi.

Mwaka 1948 kampuni ilikabidhi mradi kwa shirika la umma, Overseas Food Corporation, ikarudi kwenye biashara zake. Kazi ilipanuliwa hadi Urambo na Nachingwea, na reli na bandari ya kina zikaanza kujengwa Mtwara. Januari 1951 serikali ilitangaza kuachana na mpango huo wa awali. Pauni milioni 36 hivi zilifutwa kwenye vitabu vya hesabu.

Uhaba wa mafuta haukuwa wa kubuni, wala Samuel hakukosea kuona kwamba Afrika ingeweza kulima karanga. Wakulima wa Nigeria na Senegal walikuwa wakizilima na kuziuza kwa wingi, kwa jembe la mkono. Kosa lilikuwa kuchukua dharura ya London kuwa sababu ya kutoijaribu kwanza ardhi ya Kongwa. Na kwa kuwa aliyelipia hasara si aliyetoa wazo, kampuni haikuwa na sababu kubwa ya kuuliza maswali ambayo mwekezaji wa fedha zake mwenyewe angeuliza kabla ya trekta la kwanza kushushwa bandarini.