Dawa Bila Kipimo

Ewe msomaji, ufunguapo mfereji na kukinga kikombe, macho yako hayawezi kuona vijidudu vya maradhi, wala hayaoni dawa iliyoviua. Unamwamini mtu usiyemjua, yule aliyeipima dawa hiyo. Je, asipoipima?

Mwaka 1908, mji wa Jersey City huko Marekani ulianza kutia klorini katika maji yake mfululizo. Miji mingi ikafuata, na homa ya matumbo ikapungua sana. Lakini kutia dawa si kumaliza kazi. Maji machafu huila klorini. Uchafu ukizidi, dawa huisha upesi. Kwa hiyo hapana budi kupima ile iliyosalia majini. Mpishi naye hatosheki kujua ametia chumvi kiasi gani, huonja mchuzi.

Katika mji mdogo wa Walkerton, jimbo la Ontario, nchini Kanada, watu walikunywa maji ya visima. Wafanyakazi walipaswa kupima klorini iliyosalia kila siku. Mara nyingi hawakupima, bali waliandika daftarini tarakimu za kubuni. Mei 2000 mvua kubwa ilinyesha, ikachukua vijidudu vya samadi kutoka shamba la jirani hadi katika kisima kimoja kisicho kirefu. Klorini kidogo iliyotiwa ikamezwa na uchafu, huku daftari likisema mambo ni mema. Watu zaidi ya 2,300 waliugua, na 7 wakafa.

Jaji Dennis O'Connor, aliyeuchunguza msiba huo, alieleza mwaka 2002 kwamba kama kisima kile kingalikuwa na vyombo vya kupima mfululizo, msiba ungalizuiwa. Chombo cha namna hiyo hupima usiku na mchana. Klorini ikipungua, hupiga kengele na kuizima pampu. Katika mitambo mikubwa ya leo, chombo hupeleka habari kwa kompyuta, nayo huongeza au kupunguza dawa papo hapo.

Je, tuseme basi kwamba mtu hahitajiwi tena? La, hasha! Chombo nacho huchafuka, kikasema uongo, asipokuwapo mtu mwaminifu wa kukisafisha na kukisahihisha. Wahenga walinena: mficha maradhi, kifo humfichua. Nawe uandikapo matokeo ya jaribio katika maabara ya shule, andika ulichokiona, wala si ulichotamani kukiona. Huenda siku moja mji mzima ukanywa kwa kulitegemea daftari lako.