Mdahalo wa wanafunzi kuhusu haki za wanawake: kwa nini msichana anatetea nchi asiyokubaliana nayo?

Kila tukitangaza kwamba wanafunzi wamekaa "Umoja wa Mataifa" kujadili haki za wanawake, wasikilizaji hutuuliza: hao watoto wamepelekwa New York lini? Hawajapelekwa. Ni mkutano wa kuigiza, unaofanyika katika ukumbi wa shule au chuo. Wenyewe huuita Model UN.

Kila mwanafunzi hupewa nchi na kibao chenye jina lake. Kuanzia hapo yeye si Neema wala Juma, ni mjumbe wa Japani au Saudi Arabia. Katika mikutano mingi haruhusiwi hata kusema "mimi naona". Husema "ujumbe wetu unaona". Akitaka kuzungumza huinua kibao, na akiruhusiwa hupewa kama dakika moja hivi. Si hotuba ya harusi.

Mada ikiwa wanawake, mara nyingi huigizwa Kamisheni ya Hali ya Wanawake, chombo halisi kilichoundwa mwaka 1946, chenye nchi wanachama 45. Mkataba unaotajwa sana ni CEDAW wa mwaka 1979, unaokataza ubaguzi dhidi ya wanawake. Hapo wanafunzi hujifunza jambo ambalo hata sisi watangazaji huwa tunalichanganya. Kutia saini mkataba ni kama kupeleka barua ya posa; kuridhia ndiyo kufunga ndoa. Marekani ilitia saini CEDAW mwaka 1980 lakini haijauridhia. Saudi Arabia iliuridhia mwaka 2000, ila ikatamka kwamba haifungwi na kifungu kinachopingana na sheria ya Kiislamu.

Sasa binti wa kidato cha tatu amepewa nchi inayokataa kifungu cha umri wa kuolewa. Mzazi akisikia hukasirika: mwanangu anatetea ndoa za utotoni? Sisi tunaona hapo ndipo penye faida kubwa. Ili aitetee nchi hiyo, lazima azijue hoja zake: umaskini, mahari, hofu ya mimba nje ya ndoa, mila na dini. Siku baba mdogo akizileta hoja hizohizo sebuleni, binti atakuwa ameshazisikia na kuzipima. Aliyezoea kukariri kaulimbiu tu hukwama mapema.

Baada ya hotuba, wajumbe hutoka kwenye viti, husaka wa kuwaunga mkono na kuandika rasimu ya azimio. Ugomvi mkubwa huwa kwenye vitenzi. "Inahimiza nchi zijenge vyoo vya wasichana shuleni" hupita kwa urahisi, kwa sababu haimbani mtu. Ukiandika nani atalipa na kufikia mwaka gani, vibao vya kupinga huanza kuonekana. Ustawi wa wanawake, yaani afya ya uzazi, maji na usalama wa njiani, hukwama zaidi hapo kwenye fedha kuliko kwenye maneno.

Mjumbe wa Tanzania ana kazi ngumu ya aina yake. Anaweza kujivunia kwamba mkutano wa wanawake wa Beijing mwaka 1995 ulikuwa na Katibu Mkuu Mtanzania, Mama Gertrude Mongella wa Ukerewe. Anaweza kutaja kwamba nchi iliridhia CEDAW mwaka 1985, na Itifaki ya Maputo, inayotaka umri wa kuolewa usipungue miaka 18, mwaka 2007. Kisha mjumbe wa Kenya, ambako sheria ya ndoa ya mwaka 2014 iliweka miaka 18 kwa wote, anainua kibao: vipi Sheria ya Ndoa yenu ya mwaka 1971, iliyoruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi? Hapo lazima ajue kesi ya Rebeca Gyumi. Mwaka 2016 Mahakama Kuu iliona vifungu hivyo vinakiuka Katiba na ikaagiza virekebishwe. Serikali ilikata rufaa, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupilia mbali.

Kwa mwalimu anayetaka kuanza, hahitaji ukumbi wala kompyuta. Vipande vya boksi vinatosha kuwa vibao, saa ya simu itapima muda, na hakuna kanuni inayokataza mdahalo kufanyika kwa Kiswahili. Aanze na nchi kumi tu, na awape wanafunzi wiki mbili za kuzisoma.