Nani Asikilizwe? Saruji ya Wazo, Saruji ya Tanga na Nguvu ya Sheria ya Ushindani

Imekuwa ada, kila linapozungumzwa suala la kuitia nguvu sheria ya ushindani katika nchi zinazoendelea, kusemwa kwamba dawa ni mbili tu, yaani adhabu kali zaidi kwa wakosaji na fedha nyingi zaidi kwa mamlaka inayosimamia. Juu ya fedha hakuna ihtilafu, maana ofisi isiyo na wachumi wala wachunguzi haiwezi kugundua lolote. Juu ya adhabu, walakini, rai hiyo inakwaa kisiki mara tu ifikapo Tanzania, kwani Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003, iliyochukua nafasi ya ile ya 1994, tangu ilipotungwa ilimwekea mkosaji faini isiyopungua asilimia 5 wala kuzidi asilimia 10 ya mauzo yake ya mwaka mzima. Kiwango hicho si haba kwa mizani ya nchi yoyote, na kama ukali wa adhabu peke yake ungetosha, kadhia nitakayoieleza hapa isingalizuka.

Wako wanazuoni waliokwenda mbali zaidi. Marehemu Ajit Singh alishikilia kwamba nchi changa hazihitaji ushindani wa juu kabisa, bali kadiri inayochukuana na haja ya viwanda vyake kukua. Naye Michal Gal, katika kitabu chake cha mwaka 2003 juu ya nchi zenye masoko madogo, alionyesha kwamba wingi wa viwanda katika soko dogo waweza kuwa hasara kwa kila mtu. Hoja hizo zina uzito, na anayezipuuza haijui gharama ya kusimamisha tanuri la saruji. Lakini zote mbili zinatanguliza swali la kiasi, yaani soko livumilie wakubwa wangapi, ilhali swali linalotangulia kwa hakika ni la mtu: nani ana haki ya kusimama mbele ya wenye mamlaka na kusema kwamba kiasi hicho kimepita? Dai langu ni kwamba nguvu ya sheria hii imo katika haki ya mtu wa tatu, yule asiyekuwamo katika mkataba, kudai sababu za uamuzi na kuukatia rufaa.

Ushahidi ninaoutegemea unaanzia Wazo, katika wilaya ya Kinondoni, ambako kiwanda cha Twiga kimekuwa kikitoa saruji tangu mwaka 1966. Mnamo Oktoba 2021 ilitangazwa kwamba Scancem, kampuni tanzu ya HeidelbergCement ya Ujerumani inayomiliki sehemu kubwa ya Twiga, ingenunua asilimia 68.33 ya hisa za Saruji ya Tanga, watengenezaji wa Simba, kutoka kwa AfriSam. Aprili 2022 Tume ya Ushindani ikatoa idhini yenye masharti. Jambo lingeishia hapo, kama yalivyoishia mengi, lau kampuni ya Chalinze Cement pamoja na watetezi wa walaji wasingalikwenda Baraza la Ushindani. Na Septemba mwaka huo huo Baraza likaitengua idhini ile, kwa hoja kwamba mnunuzi na mnunuliwa wakiungana wangepita kikomo cha asilimia 35 ya soko ambacho sheria yenyewe ilikuwa imekiweka. Kikomo hicho kilikuwa kimeandikwa kwa miaka 19. Ilihitajika sauti ya mtu wa nje ili kisomwe kama kilivyoandikwa.

Na asilimia 35 ya soko lipi? Saruji ni mzigo mzito wenye thamani ndogo kwa uzani wake, hata nauli ya lori huweza kukifuta kiwanda cha mbali katika hesabu ya mnunuzi. Mfyatua tofali wa Bunju au Tegeta, wilayani Kinondoni, anayenunua mifuko michache kwa fedha aliyoipata jana, hapati nafuu kubwa kwa kuambiwa kwamba Dangote anayo mitambo mikubwa Mtwara. Na mwenziwe wa Chamazi au Charambe, wilayani Temeke, huishi jirani na kiwanda cha Camel kilichopo Mbagala, na soko lake si lile la Bunju sawasawa. Soko likipimwa kwa ramani ya taifa zima, mafundi hawa hutoweka katika hesabu. Wao ndio waijuao bei ya kila duka la vifaa vya ujenzi barabarani mwao, lakini katika mashauri ya namna hii wao ndio wa mwisho kuulizwa, kama huulizwa.

Sababu mojawapo, kwa maoni yangu, ni mazoea tuliyoyarithi. Tangu ilipoundwa Tume ya Bei mwaka 1973, tumefundishwa kumtazamia mkubwa wa serikali kila bei inapopanda. Hata Novemba 2020, mfuko wa saruji ulipopanda bei ghafla, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliwaagiza wakuu wa mikoa wachunguze sababu. Agizo lile lilikuwa la huruma na la haki. Hata hivyo, agizo hutuliza bei ya leo na huacha muundo wa soko kama ulivyokuwa.

Atasema mpinzani kwamba haki hii ya rufaa ni silaha ya mshindani mwenye husuda, awezaye kuchelewesha mtaji wa kigeni ambao nchi inauhitaji. Huenda ikawa hivyo mara nyingine, na Baraza linao uwezo wa kuwatupilia mbali wadai wasio na haja ya kweli. Yaliyofuata yanaonyesha kwamba mtaji haukufukuzwa: mwaka 2023 Tume iliidhinisha upya, na mwaka 2024 hisa zile kubwa za Tanga zikaangukia mikononi mwa Amsons, wenye kiwanda kile cha Mbagala na waliokwisha kuinunua Saruji ya Mbeya. Swali la ukubwa limerudi kwa mlango mwingine, safari hii kwa jina la mwenyeji, nalo lastahili kupimwa kwa kikomo cha sheria vilevile.

Kwa hiyo Bunge, litakapoirejea sheria hii, na liziache faini zilivyo. Liilazimishe Tume kuchapisha kwa Kiswahili sababu kamili za kila idhini ya kuunganisha makampuni kabla muda wa rufaa haujaanza kuhesabiwa, na livipe vyama vya mafundi na wafyatua tofali wa Temeke na Kinondoni haki ya kusikilizwa bila ya ada.