UZI: Anayekutafutia kazi, yeye alifunzwa na nani?

1/ Kila msimu wa kura tunabishana hapa: kazi ngapi zitaletwa, na nani? Sawa. Lakini kuna swali sijaona likiulizwa: yule anayesimama kati yako na hiyo kazi, nani alimfunza? Mimi nasoma sayansi ya siasa, na hili swali linanikosesha usingizi. Turudi nyuma kidogo.

2/ Oktoba 1919. Walowezi wanalia hawana vibarua. Serikali ya kikoloni inatoa waraka: maofisa wahimize vijana waende mashambani, machifu na wazee wasaidie. Chifu akisaidia anaandikwa, asiposaidia anaandikwa pia, na ripoti inaenda kwa gavana.

3/ Kwa hivyo "afisa wa ajira" ambaye wengi wa babu zetu walimjua ni chifu. Hakuuliza unajua kufanya nini. Alihesabu vichwa. Kisha kikaja kipande, ndani ya kikebe cha chuma shingoni. Ukiacha kazi kabla mwajiri hajatia sahihi, unasakwa kama mhalifu.

4/ 1948, Shirika la Kazi Duniani (ILO) likapitisha Mkataba nambari 88: nchi iwe na huduma ya ajira ya umma, ya bure, na wafanyakazi wake wafunzwe vya kutosha. Kenya iliuridhia mara baada ya uhuru. Yaani kwenye karatasi tulishakubali kwamba hii ni kazi ya kusomewa.

5/ Wenzetu waliichukuaje? Ujerumani, shirika la serikali la ajira linachukua wanagenzi. Miaka 3: siku nyingine uko ofisini unahudumia watu, nyingine uko chuo cha ufundi. Unajifunza sheria, marupurupu, soko la kazi, na jinsi ya kuongea na mtu aliyefutwa jana. Mtaala wa sasa ulianza 2012.

6/ Najua mtasema: "Nafasi zenyewe hakuna, mshauri atafanya nini?" Ukweli, mshauri haumbi kazi. Lakini anajua kusoma mkataba. Anajua kukwambia, "Hapa usitie sahihi."

7/ Binamu yangu hakupata mtu wa kumwambia hivyo. Ajenti mmoja mjini alimwahidi kazi ya hoteli huko Ghuba. Shangazi akauza ng'ombe wawili. Kufika, kumbe ni kazi ya nyumbani, na mshahara si ule walioelewana. Ajenti alishalipwa, kwa kichwa. Mnaona tumerudi 1919?

8/ Na si ati uanagenzi ni mgeni kwetu. Sheria yetu ya mafunzo ya viwandani inautambua, na waajiri hulipa ushuru wa mafunzo, shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi. Tukisikia mwanagenzi tunafikiria fundi wa magari au wa umeme. Mbona tusimfikirie yule wa kwenye dawati la ajira?

9/ Kwa hivyo mwanasiasa wa upande wowote akija na ahadi ya ajira, usimuulize idadi peke yake. Muulize: watakaotupeleka kwa hizo kazi wamefunzwa wapi, miaka mingapi, na wanalipwa kwa kutusaidia au kwa kutuhesabu?

10/ Mimi namaliza chuo mwaka ujao. Nitaingia kwenye hiyo foleni pia. Ningependa nikifika dirishani nikute mtu anayeijua kazi yake. Mwisho wa uzi. Mwenye la kupinga, karibu hapa chini.